Kompyuta ya stesheneri imegoma kuwaka baada ya kupulizwa vumbi, wataalamu njooni (Arusha)

mama_kopi
Wakuu habari za jioni. Nina kastesheneri kangu huku Sakina, kuprinti, kutoa kopi, kuscan vyeti, mambo hayo. Kompyuta ninayotumia ni Dell OptiPlex 7040 ile ya kusimama, i5 kizazi cha sita, ramu vijiti viwili vya GB 4, niliichukua used na haijawahi kunisumbua. Sasa mnajua kiangazi cha huku na barabara zetu za ndani zisizo na lami, bodaboda akipita tu vumbi lote linaingia dukani, feni ikaanza kupiga kelele mpaka wateja wanauliza. Dogo anayenisaidia akasema dada nipe niipeleke ikapulizwe, akaipeleka gereji ya jirani wakaipiga upepo wa kompresa, ile wanayojazia matairi.

Imerudi safi ndani hata chembe ya vumbi hakuna, ila haiwaki. Yaani nikibonyeza feni inazunguka, skrini nyeusi tii, haipigi bipu yoyote, na taa ya kitufe cha kuwashia inawaka na kuzima rangi ya chungwa. Nimebadilisha waya wa HDMI, nimejaribu skrini ya jirani, hola. Kuna fundi mmoja wa mjini nimempigia simu akaniambia bila hata kuiona kwamba mazabodi (ile bodi kuu) imeungua nimletee atanitafutia nyingine. Hapo ndipo nikaona nije kwanza kwenu maana kesho nina wanafunzi wanakuja kuprinti ripoti za fildi na sitaki kuingia hasara ya kubahatisha.

chalii_ngarenaro
Oya pole sana dada. Kompresa ya gereji tena?? wangemalizia na grisi kabisa 😂
Ila serious, hiyo pawa saplai (kile kiboksi cha umeme ndani) imekufa, mimi ilishanikuta, badilisha tu utaona.

kijenge_juu
Chalii acha kumpotosha dada wa watu. Feni inazunguka na taa inawaka, sasa pawa saplai iliyokufa inazungushaje feni?

chalii_ngarenaro
Inaweza ikatoa kidogo mkuu. Feni ni volti 12 tu, inaweza kuzunguka huku laini nyingine imekata.

kijenge_juu
Sawa hilo kweli linawezekana, ila huwezi kumwambia mtu akanunue kabla hajapima chochote.

bisibisi_tulivu
Dada mama_kopi, usinunue kitu na usipeleke popote kwanza. Hiyo taa ya chungwa ni mashine inakwambia yenyewe inaumwa wapi, na bahati nzuri Dell za aina yako zinasema vizuri kuliko clone nyingi, zile za kuunga. Fanya hivi, iwashe halafu kaa uitazame hiyo taa kwa utulivu. Itawaka chungwa mara kadhaa, itatulia kidogo, itawaka nyeupe mara kadhaa, halafu inarudia. Hesabu chungwa ni ngapi na nyeupe ni ngapi. Angalia mzunguko zaidi ya mmoja maana ukianza kuhesabu katikati utapata jibu la uongo.

Na nyuma kabisa pale waya wa umeme unapoingia kuna kataa kadogo na kitufe kadogo pembeni yake. Toa waya zote uache wa umeme tu, bonyeza hako kakitufe. Kataa kakiwaka kijani pawa saplai imejipima yenyewe na imepita. Kasipowaka ndo turudi kwa hoja ya chalii.

mama_kopi
Asante sana kaka. Nimefanya. Nyuma kijani imewaka vizuri. Mbele chungwa 2 nyeupe 3, nimerudia kuangalia mpaka macho yameuma, ni 2 na 3 kila mzunguko.

bisibisi_tulivu
Safi, hapo tumeshaondoa mambo mengi. Pawa saplai iache. 2 na 3 kwenye hizo OptiPlex inaelekeza kwenye ramu. Lakini naomba unielewe hapa, kuelekeza kwenye ramu siyo kwamba ramu imekufa. Maana yake mashine imeamka, ikatafuta ramu, haikuona. Sababu inaweza kuwa kijiti chenyewe, sloti yake (pale kinapochomekwa), mazabodi, au prosesa (ubongo wa mashine), kwa sababu siku hizi kinachoongea na ramu kimo ndani ya prosesa, kwa Intel iko hivyo tangu 2008 huko. Kwa hiyo tunaanza na rahisi tunakwenda kwenye ngumu.

Chomoa waya wa umeme ukutani. Siyo kuzima swichi, chomoa. Bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kama sekunde 15 ili chaji iliyobaki iishe. Fungua kasha, shika chuma cha kasha kwanza kabla hujagusa kitu, na kama umevaa sweta la nailoni livue maana hali ya hewa kavu kama hii inazalisha shoti ndogo za mwilini ambazo hata huzisikii ila ramu inazisikia.

Toa vijiti vyote viwili. Angalia meno ya dhahabu, chukua raba nyeupe ya kufutia penseli futa taratibu kwenda upande mmoja, usisugue kwa nguvu, halafu pangusa mabaki ya raba. Kisha washa tochi ya simu umulike ndani ya sloti zenyewe. Upepo wa kompresa mara nyingi hautoi vumbi, unalihamisha, lile lililokuwa juu linashindiliwa ndani ya sloti. Tumia brashi mpya laini ya rangi, ile nyembamba. Usiingize pini wala sindano humo.

Halafu rudisha kijiti KIMOJA tu. Kisukume mpaka vibano vijifunge vyenyewe ukisikia ta! Watu wengi wanaogopa kusukuma, kijiti kinakaa nusu na kwa macho unaona kimeingia kabisa. Washa. Ikigoma hamishia sloti nyingine, halafu nyingine. Zote nne. Halafu rudia na kijiti cha pili. Na kila ukibadilisha ipe muda, usizime haraka, ramu ikibadilishwa mashine inaweza kukaa na skrini nyeusi kidogo ikijipanga ndipo itoe picha.

Mzee_wa_Volti
Wanangu, naomba nichangie jambo moja kuhusu kompresa, kwa sababu naona linafanyiwa mzaha na ni la msingi. Hewa tunayovuta ina mvuke wa maji. Ukiikandamiza ndani ya tangi ikaja kupoa, ule mvuke unageuka maji na kukaa chini. Ndiyo maana kila tangi la kompresa lina koki chini ya kufungulia maji, na fundi makini huifungua kila siku. Asiyeifungua, hewa yake inatoka na matone, na kama kompresa ni ya mafuta basi inatoka na ukungu wa oili pia. Kwenye tairi haina neno. Kwenye bodi ya kompyuta ni habari nyingine. Kabla binti hajawasha tena, akague kama kuna unyevu au utelezi wa mafuta, hasa chini ya kadi na kwenye pembe za sloti. Akiuona aache kasha wazi kivulini penye upepo mpaka kesho. Asilianike juani, wala asitumie mashine ya kukaushia nywele.

kijenge_juu
Shikamoo mzee. Hii ya koki sikuijua kabisa.

Mzee_wa_Volti
Marahaba mwanangu.

mangi_pasua
Wakuu samahani kuingilia uzi wa dada ila mimi pia nipo kwenye janga hilohilo huku Moshi. Mashine yangu ni clone ya kuunga, ina kadi ya grafiksi ya GTX 1050 Ti, nimeifungua nikaisafisha kwa brashi tu, sijapeleka gereji mimi, nimerudishia kila kitu na sasa skrini inasema hakuna signali. Feni zote zinazunguka, hata taa za kibodi zinawaka na nikibonyeza Num Lock inaitikia. Nimeshatoa ramu na kurudisha na kuomba dua.

bisibisi_tulivu
Mangi, Num Lock ikiitikia mashine imeshawaka ipo inakusubiri wewe. Waya wa skrini umechomeka wapi nyuma, juu kwenye poti za mazabodi au chini kwenye poti za kadi?

mangi_pasua
Juu, pale kwenye poti zote zilipo, karibu na USB

bisibisi_tulivu
Hamishia chini kwenye kadi.

mangi_pasua
😭😭😭 imewaka. Wakuu naomba hii ibaki hapahapa isifike kwa mke wangu maana nimemwambia anitolee hela ya mazabodi kwenye kikoba.

chalii_ngarenaro
😂😂😂 Mangi bana, hela ya kikoba usiirudishe, leta Arusha tule nyama choma

mwalimu_tengeru
Nimecheka ila ni kweli hilo linawakuta wengi. Ukiwa na kadi ya grafiksi bodi nyingi zinazima zile poti za juu zenyewe. Wakati wa kusafisha waya zote zimetolewa, wakati wa kurudisha mtu anachomeka pale alipozoea kuona poti.

Na mimi niongeze lingine kwa wenye pawa saplai za zamani, zile za clone za bei rahisi. Nyuma kuna swichi ndogo nyekundu imeandikwa 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Ukiwa unafuta vumbi kitambaa kikaisukuma ikaenda 115 halafu ukawasha, utasikia mlio mmoja mkubwa na harufu, basi. Kila ukimaliza kusafisha itazame kwanza hiyo swichi kabla ya kuchomeka. Dell ya dada haina hilo tatizo, inajichagulia yenyewe.

mama_kopi
Jamani nimerudi. Mzee shikamoo, nimekagua kwa tochi, kulikuwa na unyevu kidogo chini kwenye bati la kasha kona ya nyuma, kwenye bodi sikuona, ila niliiacha wazi usiku mzima ndani na dirisha wazi kama ulivyosema. Wanafunzi nimewapeleka kwa jirani nimewaprintia kwake tukagawana.

Sasa asubuhi nimefanya ya kaka bisibisi. Raba nimetumia, brashi nimetumia, kwenye sloti mbili nimetoa kifuniko kizima cha vumbi kilichoshikana, cheusi. Nimeweka kijiti kimoja sloti ya kwanza, chungwa 2 nyeupe 3. Nikahamisha sloti ya pili, IKAWAKA!!! Ilileta maandishi kwamba kiasi cha ramu kimebadilika nibonyeze F1, nikabonyeza, windows ikafunguka. Nimefurahi mpaka nimempigia dogo. Nikazima nikaongeza cha pili, ikagoma tena. Nikajaribu vyote viwili kimoja kimoja kila sloti. Vijiti vyote viwili vizima, ila kwenye bodi pameandikwa namba pembeni ya sloti, namba 2 na 4 zinakubali, namba 1 na 3 zinakataa kijiti chochote. Je nitumie hivyohivyo 2 na 4 niachane nayo?

chalii_ngarenaro
Tumia hivyo hivyo dada biashara iendelee

bisibisi_tulivu
Dada umefanya kazi nzuri kuliko mafundi wengi ninaowajua, na jibu ulilotoa ni la dhahabu. Kwa leo tumia 2 na 4 wateja wasikukimbie, lakini usiiache hivyo.

Sikiliza. Ramu inaongea na prosesa kwa njia mbili, chaneli A na chaneli B. Sloti 1 na 3 ni njia moja, 2 na 4 ni njia nyingine. Sloti moja ikifa peke yake naweza kusema vumbi au imevunjika. Sloti mbili za chaneli moja zikifa pamoja, siku hiyohiyo, mimi silaumu sloti wala ramu. Njia nzima imekatika, na mahali pa kukatika kirahisi ni pale prosesa inapokaa. Soketi ya hiyo yako inaitwa LGA 1151 kwa sababu ina pini 1151, na pini ziko kwenye bodi, prosesa yenyewe ni bapa chini. Kinachofanya kila pini iguse ni ule mkandamizo. Mkandamizo ukiwa wa upande, pini za upande mwingine hazigusi sawasawa, na mara nyingi cha kwanza kulalamika ni chaneli ya ramu.

Sasa naomba umuulize dogo swali moja tu bila kumfokea ili aseme ukweli. Kule gereji, lile dubwana la alumini lenye feni juu ya prosesa, walilifungua?

mama_kopi
Kaka umejuaje. Dogo amekubali. Anasema vumbi lilikuwa limejaa katikati ya yale mapezi halitoki, kijana wa gereji akafungua skrubu nne akalitoa lote akalipuliza, akarudishia. Na ile pesti inayokaa kati ya prosesa na alumini kupitisha joto? Hawakupaka kitu, wamerudishia na ileile iliyokauka.

kijenge_juu
Hapo ndo penyewe.

fundi_spana
Naomba nitetee watu wa gereji kidogo maana uzi mzima tunasemwa sisi. Mimi ni fundi magari. Kompresa yenye kichujio cha maji kwenye laini na ukashusha presha haina shida yoyote, nimepuliza mashine za watu na zinafanya kazi. Tairi la gari dogo ni kama baa 2 na kitu, ila tangi huwa linakaa baa 8, ukipuliza na 8 unang'oa kila kitu. Kosa la hao siyo upepo, ni kufungua kitu ambacho hukijui namna ya kukifunga. Na cha ajabu mtu wa gereji anatakiwa ajue, silinda hedi unaifungaje? Kwa msalaba, yaani kona kwa kona, na kidogo kidogo. Hauanzi kukaza boliti moja mpaka mwisho.

Mzee_wa_Volti
Umesema vema fundi. Ni kanuni ileile.

bisibisi_tulivu
Fundi spana umenirahisishia maelezo. Dada, fanya hivi ukifunga duka jioni ukiwa na mwanga na hujachoka, hii siyo kazi ya dakika tano za katikati ya wateja.

Tafuta isopropyl alcohol ya asilimia 99 kama ipo. Zile za 70 zina maji karibu theluthi, unaweza kuzitumia ila uache ikauke kabisa. Usitumie spiriti ya rangi ya bluu. Tafuta na pesti mpya ya prosesa, kabomba kadogo tu kanatosha. Wauza spea za kompyuta mjini wanazo, ila angalia isiwe imekauka ndani ya bomba.

Washa mashine kama dakika kumi kwanza ili ipate joto, pesti ya zamani ilainike, kisha zima na uchomoe umeme. Chomoa waya wa feni ya prosesa. Legeza skrubu kidogo kidogo kwa msalaba. Zikishaachia zote usilivute lile dubwana juu kwa nguvu, lizungushe taratibu kushoto kulia mpaka liachie. Kwenye Intel hii prosesa imebanwa na fremu haiwezi kutoka nalo, ila zile prosesa za AMD za soketi ya AM4 wenye nazo waangalie sana, pini ziko kwenye prosesa yenyewe na ikiganda inang'oka nzima soketi ikiwa bado imefungwa.

Futa pesti yote ya zamani juu ya prosesa na chini ya alumini. Kabla ya kupaka mpya inua kile kiwiko cha soketi, fungua fremu, toa prosesa kwa kuishika kingo tu, uipige soketi picha ya karibu uweke hapa. USIGUSE PINI. Usipulize kwa mdomo, mate yanaruka. Usipanguse kwa kitambaa, uzi mmoja ukinasa umepinda pini kumi.

mama_kopi
Mbona unanitisha kaka 😅

bisibisi_tulivu
Nakutisha makusudi dada. Hiyo ndo sehemu pekee kwenye kazi yote ambayo ukikosea inakula hela ya kweli. Kama mkono unatetemeka mpe mtu mwingine akushikie tochi na wewe ukae chini kabisa.

dakitari_wa_printa
Mkuu bisibisi kuna haja gani ya kutoa prosesa? Si angekaza tu hizo skrubu upya sawasawa aone kwanza? Mimi ningeanza na hilo. Kuna hatari zaidi kufungua soketi kuliko kuiacha.

bisibisi_tulivu
Hoja ya maana mkuu, na nikifikiria uko sahihi, yeye siyo fundi. Dada, badilisha mpango: fungua dubwana, safisha, paka pesti mpya tone la ukubwa wa punje ya mbaazi katikati, rudisha, kaza kwa msalaba nusu mzunguko nusu mzunguko mpaka zote ziishie pamoja. Jaribu sloti 1. Soketi tutafungua ikigoma tu.

mama_kopi
Wakuuuu 🙌🙌

Nimekaa chini na dogo akanishikia tochi. Kabla sijalegeza chochote nikaangalia skrubu moja moja kama mnavyosema. Tatu zimekaza mpaka mwisho, halafu ya nne, ile ya kona iliyo upande wa ramu, imekaa juu, nimepitisha ukucha wangu chini ya kichwa chake umeingia wote. Nikaigusa na bisibisi ikazunguka bure, haijashika kabisa. Dubwana lote limeinama upande mmoja, ukipiga jicho usawa wa bodi unaliona. Nimepiga picha nitaiweka.

Nikafungua, pesti ya zamani ilikuwa mabaka mabaka, kuna sehemu ya prosesa ilikuwa tupu kabisa. Nimefuta, nimepaka, nimerudisha. Ile skrubu ya kona ilinisumbua, mpaka nikaibana kwa kidole kwa chini huku naizungusha taratibu ndo ikashika uzi. Nimekaza kwa msalaba. Nimeweka vijiti sloti 1 na 2 kama ilivyokuwa mwanzo, nimebonyeza, taa ikawaka nyeupe moja kwa moja haikublinki, nembo ya Dell ikaja. GB 8 zote zinaonekana. Na feni IMETULIA, siisikii.

kijenge_juu
Hongera sana dada! Na yule fundi wa simu alitaka kukuuzia mazabodi.

chalii_ngarenaro
Dada unafungua ufundi sasa hapo Sakina, kopi na kompyuta

bisibisi_tulivu
Hongera dada. Bado mambo mawili. Ukiwasha bonyeza F12 kwa kurudia rudia, itakuja menyu, chagua Diagnostics, itapima ramu, feni na diski yenyewe, ikiuliza kuhusu kipimo kirefu cha ramu kubali uiache ifanye usiku. Ikipita yote basi mazabodi haikuumia. La pili, iinue kutoka sakafuni. Hata kigoda tu. Vumbi la barabarani linatembea chini na miguu ya wateja inalirusha, mashine iliyo sakafuni inalila lote.

mwalimu_tengeru
Pale shuleni tulifunga soksi nyembamba ya kike kwenye tundu la mbele la kasha kama chujio, unaitoa kila wiki unaifua. Inafaa sana ila uhakikishe hewa bado inapita, siyo ukunje mara nne.

dakitari_wa_printa
Na ukisafisha kwa blowa au hata mdomo, feni ishikilie isizunguke. Watu wanapenda ule mlio wa feni ikizungushwa na upepo, kumbe beringi inakwisha pale, na motor ikizungushwa inaweza kurudisha umeme kwenye bodi.

Vakyumu ya nyumbani usiingize ndani, ile bomba ya plastiki inajikusanyia chaji. Brashi na upepo mdogo inatosha.

mangi_pasua
Swali la nyongeza wakuu, pawa saplai yangu nayo imejaa vumbi ndani, naiona kwa matundu, nikiwa bado na mzuka niifungue niipige brashi?

Mzee_wa_Volti
Usifungue, mwanangu. Umeme wa volti 230 ukishageuzwa kuwa wa moja kwa moja mle ndani, ile kapasita kubwa inakaa na volti zipatazo 325, na inaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa waya. Nimeona mtu mzima akirushwa na kifaa ambacho hakikuwa kimechomekwa popote. Ipulizie kwa nje kupitia matundu, feni yake umeizuia kwa kijiti cha mbao, basi.

mangi_pasua
Asante mzee, nimeifunga kasha kabisa sigusi tena.

mama_kopi
Diagnostics imepita yote wakuu, usiku kucha ramu haina kosa hata moja. Mashine nimeipandisha juu ya kreti la soda. Kaka bisibisi kama uko Arusha pita dukani kopi zako bure, mzee wa volti na wewe pia, shikamoo tena. Dogo nimemwambia gereji aende na baiskeli tu.

bisibisi_tulivu
Niko Moshi dada, Majengo, ila mwezi ujao nakuja huko kuna mtu ana kafe ya intaneti mashine zake zinajizima. Nitapita na vyeti vyangu vya kutoa kopi.

fundi_spana
Dada na yule kijana wa gereji mwambie na yeye akaze ya kona 😄
Mimi nina laptop ya kusomea kompyuta za magari, HP, imejaa vumbi la gereji mpaka kibodi inakwama, naweza kutumia utaratibu huuhuu?

bisibisi_tulivu
Laptop usifuate hizi hatua mkuu, betri iko ndani na skrubu zina urefu tofauti, ukiweka ndefu pa fupi unatoboa bodi. Fungua uzi mwingine, andika modeli kamili iliyo chini ya laptop, tutakuja hukohuko.